TANZAM na majina yake: kutoka Dar es Salaam hadi Kasumbalesa

Shehena inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Lubumbashi hupita njia inayobadilika jina mara kadhaa. Majina mengine ni ya enzi ya ukoloni, mengine ni ya wapigania uhuru, na mengine ni namba tu. Namba hizo ndizo zenye utata mkubwa kwenye hati za mizigo.

Ndani ya jiji

Malori mengi huondoka bandarini kwa Barabara ya Mandela, ambayo zamani iliitwa Port Access Road. Barabara hiyo hukatana na Barabara ya Nyerere, iliyokuwa Pugu Road, kwenye makutano ya TAZARA. Hapo ndipo ilipo barabara ya juu ya Mfugale, iliyofunguliwa mwaka 2018. Mandela huishia Ubungo, kwenye barabara za juu za Kijazi zilizozinduliwa mwaka 2021. Anayenyoosha mbele huingia Sam Nujoma. Lori la Zambia hushika Barabara ya Morogoro.

Asili ya TANZAM

Novemba 1965 serikali ya Ian Smith ilijitangazia uhuru huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Zambia ilikuwa ikitegemea njia za kusini kuingiza mafuta na kutoa shaba, hivyo ikageukia Dar es Salaam. Barabara ilikuwa ya udongo, vumbi kiangazi na tope masika, na madereva wakaiita njia ya jehanamu. Iliwekwa lami kati ya mwaka 1968 na 1973.

Jina TANZAM limetokana na Tanzania na Zambia. Lisichanganywe na majina mawili yanayofanana nalo: TAZARA ni reli ya Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na TAZAMA ni bomba la mafuta la Dar es Salaam hadi Ndola.

Baada ya Tunduma

Upande wa Nakonde, Wazambia huiita Great North Road, jina lililotokana na ndoto ya Waingereza ya kuunganisha Cape Town na Cairo. Ndiyo sababu Lusaka ina Cairo Road. Tanganyika nayo ilitumia jina la Great North Road, lakini kwa njia ya Tunduma, Mbeya, Iringa, Dodoma na Arusha hadi Namanga.

Namba moja, barabara mbili

T1: Tanzania ni Dar es Salaam hadi Tunduma. Zambia ni Kafue hadi Livingstone.

T2: Tanzania ni Chalinze hadi Namanga, kupitia Arusha. Zambia ni Nakonde hadi Chirundu, kupitia Lusaka.

T3: Tanzania ni Morogoro hadi Rusumo, mpaka wa Rwanda. Zambia ni Kapiri Mposhi hadi Kasumbalesa, mpaka wa Kongo.

Kwa hiyo lori la Lubumbashi hufuata T1 ya Tanzania, kisha T2 na T3 za Zambia. Hati ikitaja T3 peke yake, karani wa Dar es Salaam anaweza kuelewa kuwa mzigo unakwenda Kigali. Njia salama ni kuandika namba pamoja na jina la nchi, kisha kutaja kila mpaka utakaovukwa: Tunduma/Nakonde, halafu Kasumbalesa.