Ukuta wa bibi: magazeti, uji wa unga na stika za plastiki

Nimepotea kidogo, si kwa kupenda, majaribio yamenibana na bumu nalo limekata mapema kama kawaida yake. Lakini nipo, mzima wa afya. Leo sileti habari za foleni ya kantini wala za chumba chetu cha watu sita. Leo naleta historia, tena historia ya ukuta. Usicheke, soma kwanza.

Kwetu ni Singida, vijijini. Bibi yangu anaishi kwenye nyumba ya miti na udongo, na sebuleni kuta zimebandikwa magazeti tangu miaka ya 1980. Uhuru, Mzalendo, Mfanyakazi, yote yapo. Mimi kusoma nimejifunzia pale ukutani kabla sijaanza darasa la kwanza. Babu, marehemu sasa, aliandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa mmoja tarehe za kuzaliwa za watoto wake watano. Hiyo ndiyo ilikuwa masjala ya ukoo.

Basi bwana, mwaka jana Oktoba mjukuu nikajifanya msomi. Nikanunua mjini stika za ukutani, zile za plastiki zenye picha ya matofali, nikabandika juu ya magazeti. Bibi alifurahi, majirani wakaja kutazama. Novemba mvua zikaanza. Machi bibi akapiga simu: "Mume wangu, huu ukuta wako unatoka jasho." Nilipofika nikakuta ukungu mweusi, harufu nzito, na stika imening'inia huku imebeba magazeti na udongo wake. Ukurasa wa babu ukiwemo.

Hapo ndipo nikaanza kuuliza maswali ambayo ningepaswa kuuliza Oktoba. Rafiki yangu anayesoma Kemia alinisaidia sana.

Watu wa kwetu walikuwa na kitu cha kupaka ukutani zamani sana. Udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, nyuzi za majani yaliyomo zikiushika usipasuke. Pwani, Kilwa na Zanzibar, walichoma mawe ya matumbawe wakapata chokaa, wakaizima kwa maji, na ikishapakwa inavuta kaboni dayoksaidi ya hewani na kurudi kuwa jiwe. Udongo na chokaa vyote vinapumua. Maji yakiingia ukutani, yanatoka.

Karatasi za ukutani zilipendwa sana Uingereza, mpaka serikali ikaziwekea kodi mwaka 1712, ikaja kufutwa 1836. Baadhi zilipakwa rangi ya kijani aliyoigundua Scheele mwaka 1775, yenye aseniki ndani yake. Watu walikuwa wanalala na sumu ukutani ili nyumba ipendeze. Kumbe tamaa hii siyo ya kwangu peke yangu!

Karatasi ya gazeti yenyewe ni matunda ya miaka ya 1840, Wajerumani walipoanza kusaga mbao badala ya kutumia matambara. Bei ilishuka, ila mbao ikisagwa hivyo inabaki na lignini, ile inayoushika mti. Lignini ikipata mwanga na hewa inageuka njano. Ndiyo maana magazeti ya karibu na dirisha la bibi ni ya kahawia, na ya pembeni gizani bado yanasomeka. Hapa kwetu kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilianza uzalishaji 1985, lakini Uhuru lilikuwepo tangu 1961, na likishasomwa lilifungia maandazi au likaenda ukutani.

Na gundi je? Uji wa unga. Wanga ukipashwa na maji mpaka nyuzi 60 hadi 70 hivi, chembe zake zinavimba na kupasuka, na ukikauka unashikana na karatasi kwelikweli. Ubaya wake mende na panya wanaupenda. Uzuri wake unapitisha unyevu, na ukiulowesha unaachia.

Stika yangu ni PVC. Baumann aliiona maabara mwaka 1872, ikawa ngumu haina kazi, mpaka Semon wa Marekani alipoilainisha mwaka 1926 kwa kuichanganya na vimiminika vya kuipa ulaini. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Ikiungua inatoa moshi ambao ukikutana na unyevu wa kooni unakuwa asidi, na bibi anawasha koroboi! Juu ya zege kavu stika haina neno. Juu ya udongo ni kama kumvalisha mtu koti la mvua akalale nalo, maji yanabaki ndani.

Sasa ukurasa wa babu. Maandishi yalikuwa yamegandana na gundi ya stika, na gundi ile haisikii maji. Nikageuza nyuma, nikaondoa udongo kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Karatasi ikilowa inaonyesha upande wa pili, na penseli ni kaboni, haichuji. Nikasoma kinyumenyume kwa kioo cha bibi. Tarehe tatu zikapatikana, ya baba ikiwemo. Mbili zilishaliwa na ukungu.

Baba mdogo ana cheti cha ubatizo. Shangazi hana kitu. Nikamuuliza bibi, akasema, "Huyo nilimbeba mgongoni mchanga tulipohamishiwa kijijini, nyumba ya zamani imebomolewa." Operesheni Vijiji, yaani kati ya 1973 na 1976. Tarehe ya babu ilikuwa na siku na mwezi. Sasa shangazi yangu ana miaka minne ya kuchagua.

Chuoni tunafundishwa kutunza vyanzo vya historia, na mimi chanzo cha kwetu nimekibandika plastiki kwa hela ya bumu. Stika nimeitoa yote, ukuta umesiribwa upya kwa udongo, na tarehe tatu nimeziandika kwenye daftari, nakala mbili. Wewe kabla hujapendezesha nyumba ya bibi yako, soma kwanza ukuta wake.

Ni hayo tu kwa leo, naomba kuwasilisha. Tuko pamoja!