Safu ya Lugha: Mdundo si wimbo
Hapa Songea, siku hizi watangazaji wa muziki huuita kila wimbo mpya "mdundo". Neno hili tulitunze. Mdundo umetokana na kitenzi kudunda: ni pigo linalojirudia kwa mpangilio, lile linaloinua miguu ya wachezaji wa lizombe. Sauti zinazofuatana zikipanda na kushuka ni lahani, neno tulilopata kwa Waarabu. Lahani ikitiwa maneno, ndipo tunapata wimbo. Katika densi ya mganda ya mwambao wa Ziwa Nyasa tofauti iko wazi: ngoma hushika mdundo, tarumbeta za vibuyu hubeba lahani.

Wala mdundo hauhitaji ngoma. Mwaka 1928 Mhungaria Béla Bartók alitunga kwateti yake ya nne, ya fidla mbili, viola na selo. Katika sehemu ya nne wapigaji huweka pinde kando na kucharaza nyuzi kwa vidole, mara nyingine kwa nguvu hadi uzi ugonge ubao. Hakuna ngoma wala neno hata moja, lakini mdundo umejaa. Basi tuusifu mdundo wa wimbo. Wimbo wenyewe tuuite wimbo.