Historia ya ukaguzi wa gari (MOT)

Historia ya ukaguzi wa gari ni kumbukumbu ya kaguzi zote za lazima ambazo gari limepitia: tarehe, matokeo, maili zilizosomeka kwenye dashibodi siku hiyo, kasoro zilizoliangusha na maangalizo aliyoandika mkaguzi. Nchini Uingereza kumbukumbu hizo ziko wazi kwa umma. Mwenye namba ya usajili ya gari huzisoma bure kwenye tovuti ya serikali, bila kumwomba ruhusa mwenye gari. Kwa mnunuzi wa gari kuukuu ni hazina, ingawa wengi hutafuta neno moja tu, "limefaulu", kisha wakafunga ukurasa. Neno hilo ndilo lenye habari chache kuliko yote yaliyoandikwa pale.

Asili na utaratibu

Ukaguzi huu ulianza mwaka 1960, Ernest Marples akiwa Waziri wa Uchukuzi, na hadi leo unaitwa MOT kwa herufi za mwanzo za jina la Kiingereza la wizara hiyo. Mwanzoni ulihusu magari yaliyotimiza miaka 10, na kilichotazamwa ni breki, taa na usukani. Magari mengi yalianguka, hivyo umri ukashushwa hadi miaka 7, kisha mwaka 1967 ukawa miaka 3. Baada ya ukaguzi huo wa kwanza gari hurudi kila mwaka. Ireland Kaskazini husubiri hadi mwaka wa 4, na kule serikali hukagua yenyewe. Kwingineko kazi hufanywa na gereji binafsi zenye kibali cha DVSA, wakala wa serikali unaosimamia viwango vya madereva na magari.

Rekodi zilianza kuingizwa kwenye kompyuta mwaka 2005, ndiyo maana historia ya mtandaoni haivuki mwaka huo kurudi nyuma. Tangu Mei 2018 kasoro hupangwa kwa uzito: ya hatari, kubwa na ndogo. Mbili za kwanza huliangusha gari. Ndogo huandikwa tu, na chini yake kuna angalizo. Angalizo ndilo hasa linalostahili muda wa msomaji.

Maangalizo na tabia ya mmiliki

Angalizo ni jambo ambalo mkaguzi ameliona na halijafikia kiwango cha kuliangusha gari, lakini anataka mwenyewe alijue: tairi linakaribia kuisha, bushi ya mkono wa chini imeanza kupasuka, paipu ya breki imeshika kutu juujuu, oili inavuja kidogo. Mwenye gari halazimiki kufanya lolote. Hapo ndipo anapojulikana ni mtu wa namna gani.

Tuchukue mfano wa gari la dizeli lililosajiliwa 2010. Mwaka 2015 limefaulu, kwa angalizo kwamba bushi ya mbele kushoto imechakaa. Mwaka 2016 limefaulu tena, angalizo ni lilelile, na sasa tairi la upande huo limelika kwa ndani. Mwaka 2017 limeanguka: bushi imekwisha kabisa na tairi limetoa nyuzi. Siku mbili baadaye limefaulu. Mwaka 2018 diski za breki za nyuma zimeandikwa kuwa nyembamba. 2019 limeanguka kwa diski hizohizo. Gari hilo halina ugonjwa wa ajabu. Lina mmiliki anayesubiri sheria imkabe ndipo atoe pesa, na mtu wa aina hiyo ni nadra kumwaga oili ya injini kwa wakati, maana oili ya injini hakuna mkaguzi anayeiulizia.

Gari la pili, la umri uleule, linaweza kuwa na maangalizo mengi zaidi kwenye ukurasa wake na bado likawa bora. Mwaka huu springi ina kutu, mwaka ujao springi haitajwi; mwaka huu pedi zimebaki kidogo, mwaka ujao ni zamu ya boljoint, halafu nayo inatoweka. Hakuna kinachojirudia. Mtu amekuwa akichukua karatasi ya ukaguzi na kuipeleka kwa fundi. Kwa hiyo maangalizo hayasomwi kwa kuhesabiwa, husomwa kwa kufuatwa mwaka hadi mwaka, kila moja na hatima yake.

Yapo pia maandishi yasiyo na uzito wowote. Mkaguzi akiandika kwamba sehemu za chini zimefunikwa kwa plastiki, au kwamba kiti cha mtoto kimemzuia kukagua mkanda wa nyuma, anajilinda yeye mwenyewe. Haruhusiwi kufungua kifaa chochote, hukagua anachokiona tu. Vivyo hivyo gari lililoanguka na kufaulu siku hiyohiyo mara nyingi lilikuwa na balbu iliyoungua au waipa iliyochakaa, ikabadilishwa palepale.

Kinachopaswa kutia shaka zaidi ni ukurasa msafi kupita kiasi. Gari la miaka 14 lenye kaguzi sita mfululizo zisizo na hata angalizo moja, kisha ghafla likaanguka kwa kutu ya chesisi, halikuoza mwaka mmoja. Lililobadilika ni jicho la mkaguzi, pengine kwa sababu gari limehamia gereji nyingine. Jina la gereji halionekani kwa kila mtu; huonekana kwa aliye na namba ya kadi ya gari tu, kwa hiyo mnunuzi makini humwomba muuzaji kadi hiyo mapema.

Maili

Usomaji wa dashibodi huandikwa katika kila ukaguzi, na huko kurudisha maili nyuma kumekuwa kugumu, ingawa hakujakoma. Ukiona 78,000, 86,000, kisha 49,000, na mwaka unaofuata 102,000, mkaguzi alikosea kuandika. Ukiona 78,000, 86,000, 49,000, kisha 57,000, ama dashibodi imebadilishwa ama kuna mkono wa mtu, na muuzaji anapaswa kuwa na karatasi ya kuthibitisha la kwanza. Mwanya mkubwa uko katika miaka mitatu ya mwanzo, wakati hakuna ukaguzi wowote. Gari la kampuni linalopiga safari ndefu linaweza kumaliza maili 80,000 kabla ya kukaguliwa mara ya kwanza, na aliyezipunguza wakati huo hakuacha alama kwenye ukurasa huu.

Maili chache mno nazo si za kushangilia. Gari linalotembea maili 900 kwa mwaka huota kutu kwenye diski na matairi yake hupasuka kwa uzee hali kashata bado zipo.

Pengo kati ya kaguzi lina sababu nyingi, na kubwa ni gari kuegeshwa. Pengo la mwaka 2020 ni la kusamehe: kwa ajili ya janga la korona serikali iliongezea magari miezi 6 ya muda wa cheti.

Kutu

Majira ya baridi barabara za Uingereza humwagiwa chumvi ili barafu isigande, na chumvi hiyo hula chuma kutoka chini. Kutu ndiyo huua magari mengi ya huko yakiwa bado yanawaka vizuri. Sheria hutazama hasa eneo la sentimita 30 kuzunguka mahali muhimu pa kushikia, kama vile mikanda na saspensheni. Gari likianguka hapo na kufaulu baada ya siku chache, limechomelewa kiraka. Kiraka kimoja si neno. Viraka vya miaka mitatu tofauti, leo kushoto mbele, kesho kulia nyuma, vinaonyesha kwamba bodi nzima inakwenda. Rangi nyeusi nzito iliyopakwa chini karibuni, ikifuata angalizo la kutu, ipewe macho mawili.

Yasiyokaguliwa

Injini, klachi na giaboksi hazimo katika ukaguzi huu. Gari lenye giaboksi inayopiga kelele hufaulu bila shida mradi linasimama, linageuka na haliwi hatari kwa wengine. Kwa upande wa dizeli, tangu 2018 gari lenye kichujio cha masizi huangushwa likitoa moshi unaoonekana au kichujio kikiwa kimechezewa. Hapo historia hugusa afya ya injini kwa mbali.

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki

Uingereza huendesha upande wa kushoto kama Kenya, Tanzania na Uganda, na magari yake, hasa Land Rover na Range Rover, yamekuwa yakija hapa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo ukurasa wa gari linaloelekea Mombasa huwa na kaguzi nne au tano tu, na miaka mitatu ya kwanza ni giza. Dashibodi yake husoma maili. Tisini elfu inayoonekana kwenye tangazo ni takriban kilomita 145,000, na si kila dalali anayekumbuka kulisema hilo.

Magari ya Japani, ambayo ndiyo mengi katika barabara zetu, yana ukaguzi wao uitwao shaken: wa kwanza baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2 kwa magari ya kawaida ya abiria. Mnunuzi wa huku hutegemea zaidi karatasi ya mnada, ambayo ni tathmini ya siku moja na haionyeshi angalizo lililopuuzwa miaka miwili.

Historia ya MOT hutafutwa kwa namba ya usajili ya Uingereza, na gari likishapewa namba za Nairobi au Dar es Salaam ile ya zamani hupotea machoni. Nakala ya kadi ya Uingereza huwa nayo, na baadhi ya magari yamechongwa namba hiyo kwenye vioo. Wakati mzuri wa kuitafuta ni kabla gari halijapanda meli. Muuzaji aliyeziba namba katika picha zote huombwa aitoe, na akikataa, hatumiwi pesa.