Mahakama Tatu za Arusha na Mpaka wa Maneno

Kwa karibu miaka thelathini sasa, Arusha umekuwa mji ambamo Afrika inahukumu maneno. Hapo ndipo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda (ICTR) ilipowatia hatiani waanzilishi wa redio ya RTLM. Hapo ndipo yalipo makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoamua kwamba mwandishi hapaswi kwenda jela kwa kumkashifu ofisa wa umma. Na hapohapo Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliiambia serikali mwenyeji kwamba sheria yake ya habari inakiuka Mkataba wa Jumuiya. Wanasheria wetu huzisoma hukumu hizi kila moja kivyake. Mimi nazisoma pamoja, kwa kuwa zote zinahusu swali moja: ni neno gani dola ina haki ya kulizuia, na kwa faida ya nani? Ninachoshikilia ni kwamba mpaka halali wa uhuru wa kusema ni ule unaomkinga mtu asiyeweza kujikinga. Sheria inayomkinga mtawala dhidi ya ulimi wa raia haina uhalali huo, hata ikiandikwa kwa maneno yaleyale ya amani na usalama.

Tuanze na lililo zito kuliko yote. RTLM ilianza kurusha matangazo mjini Kigali mwezi Julai 1993. Wasikilizaji waliipendea kwanza muziki na mizaha. Watangazaji wake walizungumza kama watu wa mtaani, tofauti kabisa na ukavu wa Radio Rwanda, na chuki dhidi ya Watutsi ilipenyezwa humohumo. Ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilipotunguliwa tarehe 6 Aprili 1994, yaliyokuwa mafumbo yakawa maelekezo: majina ya watu, mahali walipojificha, magari waliyopanda. Tarehe 4 Juni mtangazaji Kantano Habimana aliwataka wasikilizaji wamtambue adui kwa kimo chake na pua yake ndogo, kisha waivunje. Kwenye vizuizi vya barabarani walikuwapo watu wenye mapanga, na redio zao zilikuwa wazi.

Hakuna nadharia ya uhuru wa kusema inayoweza kuyatetea hayo. Mtu aliyetajwa jina lake hakuwa na nafasi ya kujibu hoja kwa hoja; alikuwa amejificha darini. Lakini hukumu ya ICTR inahitaji kusomwa kwa uangalifu zaidi kuliko tunavyoisoma. Mwaka 2003 mahakama ya awali iliwatia hatiani waanzilishi wa RTLM, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura kwa wigo mpana sana. Mwezi Novemba 2007 majaji wa rufani waliupunguza wigo huo, na adhabu zikashuka hadi miaka 30, 32 na 35. Walitenganisha maneno ya chuki kwa ujumla na uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani wa mauaji ya kimbari. Matangazo ya baada ya tarehe 6 Aprili waliyaweka wazi katika kundi la pili, lakini hawakuridhika kwamba yale yaliyotangulia nayo yalikuwa wito wa moja kwa moja wa kuua.

Kuna wanaoona kwamba majaji hao walikuwa waoga, kwa kuwa redio ilijenga chuki kwa miezi tisa kabla ya damu kumwagika. Nauelewa uchungu huo. Hata hivyo naamini majaji walikuwa sahihi, kwa sababu kosa la jinai lisilo na kingo litatumiwa kesho na yeyote atakayeshika madaraka. Yalikuwapo mambo mengine ya kufanya dhidi ya chuki ya kabla ya Aprili, na hayakufanyika. Hata mauaji yalipokuwa yanaendelea, Marekani iliombwa kuvuruga mawimbi ya RTLM ikakataa, ikitoa sababu za kisheria pamoja na gharama ya dola 8,500 kwa saa. Kuizima redio hiyo wakati ule kungekuwa halali mbele ya kila kipimo ninachokijua.

Serikali nyingi za ukanda wetu zimejifunza kutoka Rwanda somo ambalo halimo katika ushahidi: eti uhuru ukizidi, watu wetu watachinjana. RTLM haikutokana na uhuru uliozidi. Ilikuwa redio ya watu wa karibu na Ikulu. Habyarimana mwenyewe alikuwa mwanahisa wake, na iliruhusiwa kutumia masafa ya redio ya taifa pale redio hiyo ilipokuwa kimya. Alfajiri ya tarehe 7 Aprili Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana alikuwa anajiandaa kwenda Radio Rwanda kulihutubia taifa. Askari wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa walitumwa kumsindikiza. Aliuawa kabla hajafika kwenye kipaza sauti, na askari 10 kati ya wale waliotumwa kumlinda wakauawa pia. André Kameya, mhariri wa Rwanda Rushya aliyewakosoa wenye msimamo mkali, naye aliuawa katika miezi hiyo. Sauti moja iliachwa iseme kwa sababu nyingine zilinyamazishwa. Anayeitumia Rwanda kama hoja ya kufungia magazeti anaikumbuka nusu ya historia.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 2012 Lohé Issa Konaté, mhariri wa jarida la L'Ouragan nchini Burkina Faso, alihukumiwa miezi 12 jela kwa makala zilizomtuhumu mwendesha mashtaka wa serikali. Tarehe 5 Desemba 2014 Mahakama ya Afrika iliamua kwamba kifungo cha namna hiyo kinakiuka ibara ya 9 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Majaji wanne walitaka kwenda mbali zaidi, kashfa isiwe kosa la jinai kabisa. Niko pamoja na hao wanne. Ofisa aliyechafuliwa jina ana mahakama ya madai, ana wasemaji, ana vyombo vya habari vya serikali vya kumjibia. Kumwongezea polisi ni kumpa silaha ambayo mwananchi wa kawaida hana.

Watanzania wanaijua silaha hiyo tangu ukoloni. Mwaka 1958 Julius Nyerere alitiwa hatiani kwa kashfa ya jinai kutokana na aliyoyaandika katika Sauti ya TANU kuhusu wakuu wa wilaya wa Kiingereza, akapewa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6. Mantiki ya sheria ile ilihamia katika Sheria ya Magazeti ya 1976, kisha katika Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilikuta kwamba vifungu vya sheria hiyo mpya kuhusu kashfa, uchochezi na mamlaka ya waziri kuzuia machapisho vinakiuka misingi ya demokrasia na utawala bora iliyomo katika Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2023 Bunge liliifuta kashfa ya jinai katika sheria hiyo. Kutoka kesi ya Nyerere hadi hapo ni miaka 65.

Kipimo changu kinapata mtihani mgumu zaidi katika shauri la Victoire Ingabire, mwanasiasa wa upinzani wa Rwanda. Alirudi Kigali mwezi Januari 2010, akaenda kwenye makumbusho ya Gisozi, na mbele ya makaburi ya Watutsi akasema kwamba Wahutu waliouawa nao wanastahili kukumbukwa. Kwa mtu aliyezika familia yake yote, kauli hiyo mahali pale ni kisu. Waliotaka kulindwa hapa hawakuwa mawaziri, walikuwa manusura. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Rwanda ilimhukumu miaka 15, kwa kosa la kupunguza uzito wa mauaji ya kimbari pamoja na mengine. Mahakama ya Afrika, katika hukumu ya Novemba 2017, ilikubali kwamba Rwanda ina haki ya kuwa na sheria dhidi ya kuyakana au kuyapunguza mauaji hayo. Ikaisoma kauli yenyewe, neno kwa neno, ikakuta kwamba haikukana wala haikupunguza. Nadhani hivyo ndivyo inavyopasa kufanyika: maumivu ya manusura yanatosha kutunga sheria, lakini hayatoshi kumtia mtu hatiani. Kati ya hayo mawili lazima awepo jaji asiyewajibika kwa aliyekosolewa.

Jaji huyo ndiye anayeondolewa. Rwanda ilijitoa mwaka 2016, shauri la Ingabire likiwa bado mahakamani, kutoka katika tamko linalowaruhusu raia na asasi kwenda moja kwa moja mbele ya Mahakama ya Afrika. Tanzania, mwenyeji wa mahakama hiyo na nchi iliyokuwa na mashauri mengi kuliko nyingine, ilitoa taarifa ya kujitoa Novemba 2019. Benin na Côte d'Ivoire zikafuata mwaka 2020. Mwandishi wa Arusha anayefungwa leo kwa aliyoyaandika hawezi kupeleka malalamiko yake katika mahakama hiyo iliyo mjini kwake. Imebaki Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambako muda wa kufungua shauri ni miezi miwili tu. Vyama vya wanasheria na vya waandishi vina jambo la kudai, na la kudai sasa: Tanzania irudishe tamko lake.