Kufikia kwa Ndugu: Familia za Wamarekani Weusi na Matembezi ya Jiji la Washington, 1922–1964

Tafiti nyingi za historia ya utalii wa mijini huanza na kitu kinachotazamwa: mnara, makumbusho, ikulu, bustani ya wanyama. Mahali familia ilipopata chakula cha mchana, choo walichoruhusiwa kutumia watoto, na kitanda walicholala usiku ni mambo yanayoachwa kando, kana kwamba ni ya nyumbani tu na hayana historia. Katika jiji la Washington, makao makuu ya serikali ya Marekani, utaratibu huo wa uandishi unaficha kiini cha jambo lenyewe. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, Wamarekani Weusi waliweza kulitazama jiji hilo lakini hawakuweza kula wala kulala katika sehemu yake kubwa. Hoja inayojengwa katika makala haya ni kwamba safari ya familia ya Watu Weusi jijini humo iliwezeshwa kwanza na nyumba za ndugu na jamaa, kisha na nyumba za wageni zilizomilikiwa na Weusi wenyewe, na baadaye sana na sheria. Vijitabu vya mwongozo wa wasafiri, ambavyo vimepata umaarufu mkubwa katika maandishi ya miaka ya karibuni, vilimfaa zaidi yule asiyekuwa na mtu wa kumpokea.

Kiswahili kina neno linaloieleza hali hiyo vizuri. Msafiri hulala hotelini, lakini hufikia kwa mjomba, kwa shangazi au kwa mtu wa kijijini kwao. Kufikia si kupata malazi tu. Ndani yake mna kupokewa kituoni, kulishwa, kuelekezwa njia na kuonywa mahali pasipofaa kupita. Jambo hilo la mwisho, yaani maonyo, lilikuwa na uzito wa pekee Washington, kwa sababu ubaguzi wa jiji hilo haukuandikwa wote kwenye mabango. Shule zilitenganishwa rasmi. Mabasi na magari ya reli ya mjini hayakutenganishwa. Migahawa, hoteli na kumbi za sinema za katikati ya mji zilibagua kwa mazoea ya wenyewe. Mgeni asingeweza kuyajua hayo kwa kutazama, alihitaji mwenyeji.

Mwaka 1922 unafaa kuwa mwanzo wa uchunguzi huu. Tarehe 30 Mei mwaka huo lilizinduliwa Jengo la Ukumbusho la Abraham Lincoln, rais ambaye jina lake limeambatana na kukomeshwa kwa utumwa nchini humo. Miongoni mwa wasemaji alikuwamo Robert Russa Moton, mkuu wa Chuo cha Tuskegee, ambaye hotuba yake ilikaguliwa na kupunguzwa makali kabla ya siku yenyewe. Wageni Weusi walioalikwa walielekezwa kwenye sehemu yao peke yao, mbali na jukwaa, chini ya ulinzi wa askari, na baadhi yao waliondoka kwa hasira. Jengo ambalo baadaye lingekuwa kituo cha kwanza cha karibu kila familia Nyeusi iliyotembelea Washington lilifunguliwa kwa kuwatenga watu hao hao. Hata hivyo, baada ya siku hiyo ya uzinduzi, ngazi zake zilikuwa wazi kwa kila mtu, na kwa familia yenye watoto watano au sita jambo hilo halikuwa dogo.

Ni muhimu kueleza kilichokuwa wazi, kwa kuwa masimulizi ya ubaguzi mara nyingine huufanya mji uonekane kama ukuta mmoja usio na mlango. Makumbusho ya Taasisi ya Smithsonian, Maktaba ya Bunge, Mnara wa Washington na Bustani ya Wanyama ya Taifa vilikuwa mali ya serikali kuu na havikuwafungia Weusi milango. Desturi ya familia Nyeusi kukusanyika katika bustani hiyo ya wanyama kila Jumatatu ya Pasaka, wakiwa na vikapu vya chakula na watoto waliovaa nguo mpya, imedumu kwa vizazi kadhaa. Mapokeo ya wenyeji huihusisha na kutengwa kwa watoto Weusi katika sherehe ya mayai iliyofanyika siku hiyo hiyo kwenye viwanja vya Ikulu. Iwapo asili yake ni hiyo peke yake au la, desturi hiyo inaonyesha familia zilizochagua mahali ambapo hakuna mtu angezitaka ziondoke.

Kikapu, basi, hakikuwa pambo la matembezi. Kilikuwa sharti lake. Baba na mama waliotoka Virginia au Carolina ya Kaskazini kuwaonyesha watoto jiji kuu walijua kwamba kati ya makumbusho moja na nyingine hapakuwa na mgahawa wa kawaida ambao ungewahudumia. Kulikuwa na mkahawa wa kituo kikuu cha treni, na mikahawa ya baadhi ya majengo ya serikali. Zaidi ya hapo ilibidi kurudi mpaka eneo la Mtaa wa U, ambako Weusi walikuwa na migahawa, kumbi za maonyesho na maduka yao. Kwa miguu ya mtoto mdogo, mwendo huo ungemaliza siku nzima. Maduka makubwa ya nguo yalipokea fedha za mama Mweusi kwenye kaunta ya viatu na kuzikataa kwenye kaunta ya chakula, ndani ya jengo lile lile. Kituo cha treni nacho kilikuwa na maana mbili: kwa waendao kusini ndipo mahali ambapo abiria Weusi walihamishiwa kwenye mabehewa yao ya kutengwa. Familia iliyotoka New York ikipitia Washington kwenda kuwasalimia wazee Georgia ililiona jiji hilo kama mpaka wa nchi.

Umaarufu haukumwondolea mtu tatizo la kitanda. Mwaka 1939 chama kimoja cha wanawake wenye nasaba ya mapinduzi ya Marekani kilimkatalia mwimbaji Marian Anderson ukumbi wake. Tarehe 9 Aprili, Jumapili ya Pasaka, aliimba kwenye ngazi za Jengo la Lincoln mbele ya watu wanaokadiriwa kuwa 75,000, Weusi na Weupe pamoja. Tukio hilo limeandikwa mara nyingi. Linalosahaulika ni kwamba hoteli za jiji zilimkataa pia, naye akafikia nyumbani kwa Gifford Pinchot, gavana wa zamani wa Pennsylvania. Mtu aliyeujaza uwanja mzima hakuwa na chumba cha kukodi katika mji ule ule, na suluhisho lake lilikuwa lile lile la mkulima wa kawaida, yaani nyumba ya mtu.

Kwa mkulima huyo wa kawaida, nyumba ya mtu ilipatikana kwa sababu ya uhamaji. Tangu miaka ya Vita Vikuu vya Kwanza maelfu ya Weusi walihama kutoka majimbo ya kusini kwenda miji ya kaskazini, na Washington ilikuwa mojawapo ya vituo vya karibu kwa watu wa Virginia na Carolina. Kufikia mwaka 1957 wakazi Weusi walikuwa wengi kuliko Weupe jijini humo, jambo ambalo halikuwa limetokea katika mji mwingine mkubwa wa Marekani. Uhamaji huu huandikwa kama historia ya kazi na mishahara. Unastahili kusomwa pia kama ujenzi wa mtandao wa malazi: kila shangazi aliyepanga chumba Washington alifungua mlango kwa wapwa zake wa mashambani. Watoto walilazwa chini, wazee wakapewa kitanda, na mwenyeji akawatembeza wageni siku ya mapumziko yake. Ziara ya jiji na ziara ya undugu zilikuwa kitu kimoja.

Namna safari hizo zilivyoandaliwa inadhihirika katika kumbukumbu za John Lewis, aliyekuja kuwa mbunge, ingawa yeye alikwenda Buffalo. Mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka 11, alisafiri kwa gari na mjomba wake kutoka Alabama kwenda kuwatembelea ndugu. Anasimulia jinsi chakula kilivyofungwa cha kutosha njia nzima, kwa kuwa hapakuwa na mgahawa wa kusimama mpaka watoke kusini, na jinsi mjomba alivyopanga mapema vituo ambavyo Mweusi aliweza kupata mafuta na choo. Ramani hiyo ilikuwa kichwani mwa mtu mzima aliyekwisha kuipita njia.

Ramani iliyochapishwa ilikuwapo pia. Victor Hugo Green, mpeleka barua aliyekuwa mkazi wa Harlem, alianza kuchapisha kijitabu chake cha mwongozo mwaka 1936, kikihusu eneo la New York, kisha akakipanua mpaka kikagusa nchi nzima. Kiliuzwa pia katika vituo vya mafuta vya kampuni ya Esso. Kwa upande wa Washington kilitaja, pamoja na mahali pengine, Hoteli ya Whitelaw, iliyojengwa mwaka 1919 kwa fedha za Weusi, ikachorwa na msanifu Mweusi, na kusimama karibu na Mtaa wa U. Kundi jingine katika kurasa zake ni nyumba za watu binafsi zilizopokea wasafiri kwa malipo, nyingi zikiwa chini ya majina ya wanawake. Nyumba hizi ndizo zinazounganisha kufikia na kulala hotelini. Mgeni alilipa kama hotelini, lakini alipokewa mezani na mama mwenye nyumba, akaelezwa njia salama kama ambavyo angeelezwa na shangazi yake. Kukisoma kijitabu cha Green kama orodha ya biashara peke yake ni kukisoma nusu. Kilikuwa njia ya kumpatia msafiri ndugu wa kukodi.

Mabadiliko makubwa ya Washington yalianzia mezani. Tarehe 27 Januari 1950, Mary Church Terrell, mwalimu na mwanaharakati mwenye umri wa miaka 86, aliingia na wenzake katika mgahawa wa kampuni ya John R. Thompson, akakataliwa huduma. Kukataliwa huko kulitarajiwa, kwani lengo lilikuwa kesi. Wanasheria walikuwa wamegundua kwamba sheria za jiji za mwaka 1872 na 1873, zilizopitishwa wakati wa ujenzi mpya baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, zililazimisha migahawa na maduka ya aiskrimu kumhudumia kila mtu mwenye adabu bila kujali rangi yake. Sheria hizo ziliachwa nje ya mkusanyo wa sheria wa mwaka 1901, lakini hazikuwahi kufutwa. Zilikuwa zimelala. Wakati kesi ikisogea kutoka mahakama moja hadi nyingine, Terrell na kamati yake waliyasusia maduka makubwa, na duka la Hecht lilifungua kaunta yake ya chakula kwa Weusi mwaka 1952. Tarehe 8 Juni 1953 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sheria hizo za zamani zilikuwa bado na nguvu. Siku chache baadaye Terrell alirudi katika mgahawa ule ule, akahudumiwa.

Wanahistoria wengi huipita hukumu hii haraka ili wafike kwenye hukumu ya shule ya tarehe 17 Mei 1954. Kwa historia ya safari za familia, mpangilio huo wa uzito unapaswa kupinduliwa. Hukumu ya shule ilimhusu mkazi. Hukumu ya mgahawa ilimhusu mpita njia. Kuanzia majira hayo ya joto mama aliyetoka mbali aliweza kuwaingiza watoto mgahawani kati ya makumbusho mawili, na kikapu kikawa hiari.

Kitanda kilichelewa zaidi, na nje ya mipaka ya jiji kilichelewa mno. Ralph Bunche, ambaye wasomaji wa historia ya Tanganyika wanamfahamu kwa kazi yake katika idara ya udhamini ya Umoja wa Mataifa, alikataa cheo kikubwa katika Wizara ya Mambo ya Nje mwaka 1949, na ubaguzi wa Washington ulikuwa miongoni mwa sababu zake. Miaka 12 baadaye, mwaka 1961, balozi wa Chad, Adam Malick Sow, alikataliwa huduma katika mgahawa wa Maryland, kando ya barabara kuu ya kuelekea Washington, alipokuwa akienda kukabidhi hati zake kwa Rais Kennedy. Serikali iliona aibu mbele ya mataifa mapya ya Afrika, na juhudi za kuifungua barabara hiyo zikaanza. Familia za Weusi wenyeji zilikuwa zimeipita barabara hiyo hiyo kwa miongo mingi bila aibu hiyo kuonekana.

Mwaka 1963, Roy Wilkins wa chama cha NAACP alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti. Hakuanza na katiba. Aliwataka maseneta wajifikirie wakiwa na wake na watoto wao ndani ya gari: waendeshe umbali gani kwa siku, wale wapi, wapate choo wapi, na kama mtoto ataweza kununuliwa aiskrimu. Sheria ya Haki za Kiraia ilitiwa saini tarehe 2 Julai 1964, na tarehe 14 Desemba mwaka huo Mahakama Kuu iliithibitisha katika kesi ya hoteli moja ya Atlanta. Katika maelezo yake, Mahakama ilitaja kwamba wasafiri Weusi walilazimika kuwaomba marafiki wawalaze, na kwamba hali ilikuwa mbaya kiasi cha kuhitaji kijitabu maalumu cha malazi. Kufikia, jambo lisiloacha stakabadhi wala kitabu cha wageni, liliingia hivyo katika kumbukumbu za mahakama ya juu kabisa ya nchi, likiwa ushahidi wa dhuluma.

Toleo la mwisho la kijitabu cha Green lilikuwa la mwaka 1966–67. Nyumba za wageni za akina mama zilipoteza wateja waliokuwa sasa na uwezo wa kuchagua, na Hoteli ya Whitelaw ilifungwa mwaka 1977, kisha jengo lake likageuzwa kuwa makazi ya kupanga.