Muuguzi wa Kwanza wa Shule za New York

Mwanzoni mwa karne ya 20, wakaguzi wa afya katika shule za New York, Marekani, waliwarudisha nyumbani watoto wenye upele, mapunye, chawa au trakoma, ugonjwa wa vikope unaoweza kupofusha. Agizo hilo lilizuia maambukizo, lakini, tukisema kweli, halikumponya mtoto: alibaki mtaani bila dawa wala masomo.

Oktoba 1902 Lillian Wald, mwanzilishi wa kituo cha wauguzi cha Henry Street, alimtoa muuguzi Lina Rogers ahudumie shule nne. Rogers alitibu ngozi papo hapo shuleni, kisha akazitembelea familia kuwaelekeza akina mama. Septemba 1902 waliorudishwa nyumbani walikuwa 10,567. Septemba iliyofuata, 1,101. Trakoma iliendelea kuwa sugu, maana antibiotiki hazikuwapo bado.