Brighton
Brighton ni mji wa pwani ya kusini ya Uingereza, ambao pamoja na jirani yake Hove ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2000. Ufuo wake umejaa kokoto za gumegume, yaani jiwe gumu litoalo cheche, ambazo mawimbi yamezilainisha na ambazo husuguana na kuvuma kila maji yanaporudi baharini. Gati la burudani lililofunguliwa mwaka 1899 limenyooka baharini juu ya nguzo za chuma, na jioni za majira ya baridi makundi makubwa ya kwezi hucheza angani kwa namna ya kupendeza mno kabla ya kulala chini yake. Kando ya ufuo hupita reli ndogo ya mhandisi Magnus Volk, iliyoanza mwaka 1883, ambayo ndiyo reli ya umeme kongwe zaidi duniani inayoendelea kutumika.